Vanishi Isiyo na Rangi

Asiyewahi kushika brashi anaweza kuamini maandishi ya kopo. Kopo linasema vanishi yake haina rangi, na mtu mzima mwenye akili zake timamu analinunua, anapaka mbao yake nyeupe iliyorandwa ikalainika, anakwenda zake kula. Baada ya miezi miwili ana kabati la rangi ya chai. Hakuna kitu kinachodanganya kwa uso mkavu kama kopo la vanishi, isipokuwa labda watoto wa Mama Jicho, na hao ndio tunaowasema hapa.

Mama Jicho alikuwa na karakana ya samani, vyumba viwili na ua wa kuanikia mbao. Chumba cha mbele kilikuwa cha mwanawe wa kwanza, ambaye mtaa mzima ulimwita Randa, na humo alikata, akaranda na kuunganisha. Chumba cha nyuma kilikuwa cha vanishi, na humo alitawala mama mwenyewe, akisaidiwa na binti yake wa mwisho, Kitinda. Kutawala ndilo neno lenyewe. Kitinda alikuwa na miaka thelathini na mitatu, ana mume, ana binti wa miaka mitatu, na bado hakuruhusiwa kupaka hata mguu wa stuli kabla ya kupaka kipande cha majaribio na kumpelekea mama yake mlangoni penye mwanga. Mama alikipokea, akalowesha kidole kwa mate, akakigusisha upande usiopakwa, maana mbao ikilowa hukuonyesha mapema itakavyokuwa. Kisha alikiinamisha huku na huku akasema "sawa" au "rudia." Neno la tatu hakuwa nalo. Jina la Jicho alilipata hapo.

Na zamani jina lilikuwa la haki. Ujana wake wote alifanya kazi na mninga na mvule, mbao zenye damu, na hizo ukizipaka vanishi ya mafuta zinaamka: wekundu unakuwa wekundu kweli, na mishipa ya mbao inajitokeza utadhani inapumua. Ukizipaka vanishi ya maji zinapooza, zinakaa kama mtu aliyepewa habari mbaya akiwa bado anakula. Kwa mbao hizo mama hakuwa na mpinzani. Tabu ilianza zilipoadimika na wateja wakageukia msonobari, mbao nyeupe, tena wakitaka ibaki nyeupe. Mama aliipaka mafuta yaleyale, akaipeleka mlangoni, akainamisha, akasema sawa. Kwake ilikuwa sawa kweli. Macho yake yalikuwa yameshaanza kuota mtoto wa jicho, ukungu wa njano uliompakia dunia nzima rangi ya asali, na mtu anayeona kila kitu ni asali hawezi kujua kipi kimegeuka asali leo.

Ndipo likaja kabati la mwalimu. Mwalimu wa shule ya msingi aliagiza kabati la nguo za mtoto, akalichukua likiwa limepauka vizuri tu, na baada ya miezi miwili akalirudisha juu ya mkokoteni.

"Mama, mimi niliagiza jeupe," alisema. "Hili limekuwa kama lilichemshwa na majani ya chai."

Mama Jicho alilisogelea kabati mpaka pua ikagusa mlango. "Hili ni jeupe," akasema. "Mwalimu, nenda hospitali wakupime macho."

Mwalimu alimtazama Kitinda. Kitinda alimtazama Randa. Randa akaitazama dari kama imeandikwa kitu cha maana. Mmoja wao alitakiwa aseme palepale, na palepale wote wawili wakajifanya wana adabu kuliko watoto wote wa mtaa. Mtu mzima haambiwi haoni. Tena mama mzazi! Tena mwenye jina hilo! Wakaliita jambo lile heshima, na likishaitwa heshima, nani tena wa kuligusa?

Siku mama alipokwenda kumtembelea mdogo wake, Kitinda alilikwangua kabati kwa msasa mpaka likarudi kwenye ngozi yake, akalipaka vanishi ya maji, ile ambayo koponi inafanana na maziwa na ikikauka huioni. Kabati likatoka jeupe, lina ubaridi kidogo labda, lakini jeupe. Tangu siku hiyo, kila msonobari ulioingia chumba cha nyuma ulipakwa maji, na mama akaambiwa ni mafuta.

Msidhani uongo wa aina hii ni kazi nyepesi. Macho ya mama yalikuwa yanakwenda, lakini pua ilikuwa nzima, na vanishi ya mafuta inanuka mpaka jirani anafunga dirisha. Basi Kitinda aliweka kopo la mafuta wazi kando ya kila kazi, linuke kwa niaba. Vanishi ya maji inakauka kwa saa moja, ya mafuta inataka mpaka kesho. Basi kazi iliyokwisha saa nne asubuhi ilikaa kutwa nzima haiguswi, inakauka kwa mdomo, na Randa akapata usingizi wa mchana ambao hakuwahi kuupata tangu alipoacha kunyonya. Brashi ya maji inaoshwa kwa sabuni. Kitinda aliiosha kwa sabuni, kisha akajipangusia mafuta ya taa viganjani ndipo aende kumsalimia mama yake. Mumewe aliyavumilia yote. Mara moja tu aliuliza kama hakuna njia ya mkato, kwa mfano kumwambia mama ukweli, na Kitinda akamnunia siku mbili.

"Unaona?" mama alikuwa akisema mlangoni, kipande cha majaribio mkononi. "Mafuta hayabadilishi mbao. Wanaosema yanabadilisha ni wavivu wa kupaka."

"Ndiyo, mama," alijibu Kitinda, na kila "ndiyo, mama" ilimkaa kooni kama mfupa wa samaki.

Ilimkaa kwa sababu alikitaka chumba kile. Hakutaka karakana nzima, Randa na misumeno yake wangebaki nayo. Alitaka chumba cha nyuma, dirisha lake kubwa, na haki ya kusema "sawa" mwenyewe. Mama yake alishamwambia zaidi ya mara moja: "Siku nikikuachia brashi, nitakuachia kwa kuwa nimeiona kazi yako kwa macho yangu." Na kazi yake yote nzuri, miaka minne ya kazi, ilikuwa inaitwa kazi ya mama na vanishi ya mama. Angeidai vipi bila kujitia kitanzi?

Aliyevuruga mambo alikuwa mama mdogo, mdogo wake Mama Jicho, mwanamke mwenye mdomo usio na breki. Alikuja kuagiza meza ya kulia ya watu kumi, ya msonobari. "Iwe nyeupe pe," alisema. "Nikiona njano hata ya ukubwa wa kucha, naivunja kuni." Wakati anaongea na Randa, Mama Jicho aliingia kutoka uani, akasimama mbele ya kabati lililokuwa katikati ya chumba, akalichekea kwa upendo na kusema, "Karibu, mdogo wangu. Umenenepa!"

Randa akaitafuta dari yake.

"Dada," alisema mama mdogo kutoka upande wa pili, "huyo uliyemkaribisha ni kabati."

"Nilikuwa natania."

"Hukuwa unatania. Huoni! Nyie watoto, mama yenu haoni!"

"Mama anaona vizuri tu," alisema Randa.

"Anaona vizuri nini? Kabati limenenepa?" Mama mdogo alimgeukia Kitinda, na Kitinda akaanza kukunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. "Basi dada yangu ana watoto wanne," mama mdogo akasema. "Wawili kawazaa, wawili wamemwotea machoni, na wote wanne hawana faida." Wiki iliyofuata alimshika dada yake mkono, akampeleka hospitali, huku dada mtu akilalamika njia nzima kwamba amevunjiwa heshima.

Daktari alisema macho yatafanyiwa upasuaji yote mawili, moja kwanza, la pili baada ya miezi miwili. Kitinda alifurahi. Pia aliogopa, na aibu ya kuogopa ikamuuma zaidi ya woga wenyewe. Alijikuta anaomba upasuaji ufanikiwe, lakini si sana.

"Unajitesa bure," Randa alimwambia. "Kazi zote ni nyeupe, si ndiyo? Mama atakuja, ataona nyeupe, atasema 'nilijua.' Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na akiuliza?"

"Hatauliza. Nani anauliza alipopatia?"

Siku ya nane baada ya bandeji kutolewa, saa tatu asubuhi, Mama Jicho aliingia karakanani ameshikana mkono na mdogo wake. Jicho moja lilikuwa jipya, jingine la zamani. Alisimama mlangoni muda mrefu.

"Nani amepaka ukuta huu buluu?"

"Ulipaka wewe, mama," alisema Randa.

"Mimi nilinunua kijani!"

"Ulinunua buluu, mama."

Akaitazama sakafu. "Na uchafu huu umeanza lini?"

"Juzi," alisema Randa bila kupepesa.

Mama alimsogelea mwanawe, akamshika kidevu, akamgeuza kuelekea dirishani kama anavyogeuza vipande vyake. "Randa. Una mvi." Akakiachia kile kidevu polepole, akapita kwenda chumba cha nyuma.

Huko vilikuwepo viti sita na kitanda kimoja, vyote vya msonobari, vyote tayari. Na katikati, juu ya vigogo viwili, meza ya mama mdogo ikiwa uchi, imepigwa msasa wa mwisho jana yake, inangoja kupakwa. Kitinda alisimama kando ya dirisha.

Mama alipitisha kiganja juu ya kiti. Akakiinua, akakipeleka penye mwanga, akakiinamisha. "Cheupe," alisema. Akakigusa kitanda. "Cheupe kama kilivyorandwa." Akageuka, na uso wake ulikuwa umejaa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. "Si niliwaambia? Mafuta hayabadilishi mbao! Miaka yote hii nyie mnanong'ona pembeni mkidhani sisikii!"

Randa alimkonyeza dada yake. Kitinda alishusha pumzi. Ndiyo hivyo, basi, ilikuwa imepita. Alikuwa amenusurika, na wakati huohuo alikuwa amepoteza kila kitu, kwa maana kazi yake bora imeonwa hatimaye, kwa jicho zima, na sifa zimekwenda kwa kopo lililokuwa likinuka pembeni.

Mama alikuwa ameshavaa aproni. "Leta brashi pana," alisema. "Meza ya mdogo wangu naipaka mwenyewe, leo, kwa jicho langu jipya." Akalinyanyua lile kopo la mafuta, akalikoroga kwa kijiti. Vanishi ilichuruzika kutoka kwenye kijiti, nzito, ya rangi ya asali, na wala hakuishangaa, kwa kuwa koponi daima ndivyo ilivyo na kopo ndilo linalosema haina rangi.

Kitinda aliitazama meza. Ilikuwa mbao safi kuliko zote zilizowahi kuingia chumba kile, haina fundo hata moja. Mkupuo mmoja wa brashi ungezama ndani. Alimtazama Randa, na Randa, msimulizi anasema bila kuchoka, alikuwa anaitazama dari.

"Mama, subiri."

"Nisubiri nini?"

"Kipande cha majaribio. Bila kipande hakuna kupaka. Hata wewe."

Mama Jicho alicheka. Sheria ilikuwa yake, na alipenda kuona inashikwa. "Haya, lete."

Kitinda alipiga magoti chini ya benchi, akatoa nyuma ya madebe ubao wa msonobari urefu wa mkono. Aliupaka mwaka wa kabati la mwalimu, kwa ajili yake mwenyewe, ili ajue. Ulikuwa na mistari mitano. Wa kwanza haukupakwa kitu. Wa pili vanishi ya maji, wa tatu ya mafuta, wa nne sheleki, ile ya utomvu wa wadudu, wa tano nta. Nyuma yake aliandika kwa kalamu ya risasi ipi ni ipi. Miaka minne ya giza chini ya benchi ilikuwa imeyakoleza mafuta, maana gizani ndiko yanakozidi. Mstari wa maji haukutofautiana sana na ule mtupu, nta ilitia kivuli tu, sheleki ilikuwa na wekundu wa ganda la kitunguu, na ule wa mafuta ulikuwa chai, chai ya rangi isiyo na haya.

Mama aliuchukua mpaka mlangoni. Akaugeuza, akasoma nyuma, akaugeuza tena. Kisha akafanya jambo ambalo Kitinda hakulitegemea. Alifunika jicho jipya kwa kiganja, akautazama ubao kwa lile la zamani. Akahamisha kiganja. Akarudia, mara nne, mara tano, kama anafungua na kufunga mlango wa chumba asichotaka kuingia.

"Kwa hili," alisema, ameziba jipya, "mistari yote ni mmoja." Akahamisha kiganja. "Kwa hili ni mitano."

Akauelekeza ubao kwenye viti.

"Viti vile. Vimepakwa nini?"

"Maji, mama."

"Kitanda?"

"Maji."

"Tangu lini?"

"Tangu kabati la mwalimu."

Mama mdogo, aliyekuwa ameketi kwenye stuli, aliangua kicheko. Kisha akauona uso wa dada yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaufunga mdomo katikati ya kicheko.

Kitinda alilisubiri neno "toka." Alikuwa ameshaanza kufungua aproni. "Nisamehe, mama. Nilikudanganya kuhusu vanishi. Ningekwambia, ila…"

"Vanishi?" Mama aliuweka ubao juu ya benchi. "Nani anazungumzia vanishi? Yule mwalimu nilimwambia akapimwe macho. Mimi! Na nyie mmesimama pale."

"Tulikuwa tunakuheshimu, mama," alisema Randa.

"Ishikilie hiyo heshima hivyohivyo, usiilete hapa!" Sauti yake ilipasuka. "Mlijua sioni. Mlikuwa mnaniandalia kopo la kunusa, kama mbwa, badala ya kunishika mkono kunipeleka hospitali. Dakika ishirini! Daktari amenitibu kwa dakika ishirini!" Akamgeukia Kitinda. "Juzi nimemwogesha mwanao. Ana kidoti hapa, chini ya jicho. Unajua nilifanya nini? Nilidhani ni uchafu. Nikamsugua kwa kitambaa mpaka akalia. Mjukuu niliyempokea siku aliyozaliwa, nimemsugua uso wake mwenyewe kwa sababu sikuwa naujua."

Kitinda alikuwa analia bila kujifuta. Alikuwa na huzuni, na aibu, na chini ya vyote hivyo alikuwa na hakika baridi kwamba kila neno lilikuwa kweli.

"Meza ikigeuka njano, utaikwangua," mama alisema, sasa taratibu. "Kabati la mwalimu ulilikwangua, likawa jipya. Miaka yangu minne utaikwangua kwa msasa namba ngapi?"

Mama mdogo alijikohoza, akatazama mikono yake. Randa alikuwa ameacha dari na anaitazama sakafu chafu. Nje mtu alipita anasukuma mkokoteni, magurudumu yakalia mpaka yakapotea.

Mama Jicho alilifunika kopo la mafuta, akalipiga kifuniko kwa ngumi likaziba. "Hiki kitu kinanuka," alisema. "Lete hayo maji yako. Paka meza."

"Nipake mimi?" Kitinda alijifuta kwa mkono wa nguo. "Nianze na kipande?"

"Kipande akikague nani? Jicho langu moja bado linasema uongo. Paka. Kazi ya viti nimeiona, ni nzuri, sina la kurekebisha, na chumba hiki ni chako kuanzia leo. Lakini mimi nitakaa hapa kwenye kiti, na ukikosea nitakwambia mbele ya watu wote, ili ujifunze mtu anavyoambiwa."

Akavuta kimoja cha vile viti vyeupe, akaketi. Kitinda alifungua vanishi ya maji, akachovya brashi pana, akaanza ukingo wa mbali, akifuata mishipa ya mbao. Ikashuka kama maziwa na kuanza kupotea ndani ya weupe wa meza. Machozi yalikuwa hayajakatika, na moja likamponyoka kidevuni.

"Unadondosha," alisema mama yake. "Hapo, kushoto kwako. Futa kabla halijaacha alama."

Kitinda alifuta.

"Umeona?" alisema mama. "Nimekwambia, na hujafa."